Kirusi Kilichokufa Njiani

Walioandika historia ya virusi vya kompyuta wamependa zaidi kuandika juu ya vile vilivyokuwa hai. Melissa, iliyozuka tarehe 26 Machi 1999 na kujituma kwa anwani 50 za kwanza katika kitabu cha anwani cha kila aliyeifungua, imesimuliwa mara nyingi. ILOVEYOU, iliyotoka Manila tarehe 4 Mei 2000, imesimuliwa zaidi, kwa sababu ilijifanya barua ya mapenzi na kwa sababu Ufilipino haikuwa na sheria ya kumshitaki kijana aliyeitunga. Mimi nataka kuandika juu ya vilivyokufa. Nasema juu ya vile viambatisho vilivyotufikia kwa wingi kati ya mwaka 2002 na 2004 vikiwa vimekatika, vimevunjika, havina mkia au havina kiwiliwili, ambavyo visingemdhuru hata mtu aliyekusudia kuvifungua. Na juu ya programu za upekuzi zilizovipigia mbiu kana kwamba vilikuwa hai. Nionavyo mimi, mizoga hiyo ilisumbua watu kuliko tunavyokubali, na baadhi yao iliwagusa mahali ambapo kirusi kilicho hai kisingefika kamwe.

Kwanza niseme jambo juu ya neno lenyewe. Lugha yetu haikulipokea neno virusi kutoka kwa mafundi wa kompyuta. Tulilipokea kwa msiba. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kwa miaka 20 iliyofuata, mtu akisema kwa Kiswahili kwamba fulani amekutwa na virusi, hakuna aliyeuliza virusi gani. Kompyuta zilipoingia maofisini zikaja na virusi vyake, na neno likabaki lile lile. Wengine walitania kwamba kimoja kiitwe kirusi, wengine wakasema Kirusi ni lugha ya Moscow. Lakini chini ya utani huo palikuwa na hofu ya kweli. Niliwaona watu wazima wakishika diski kwa ncha za vidole. Naomba msomaji alikumbuke hilo, maana litarudi mbele.

Sasa tuingie katika mambo ya posta. Barua pepe, tangu asili yake, ilitengenezwa kuchukua maandishi matupu. Kanuni ya kuipitisha kutoka seva moja hadi nyingine iliandikwa na Jonathan Postel katika waraka uitwao RFC 821 wa Agosti 1982, nayo iliruhusu herufi za biti 7 tu, yaani herufi za mtu anayeandika Kiingereza. Picha, sauti na programu hazikuwa na njia rasmi humo. Mwaka 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed wakatoa utaratibu uitwao MIME, ambao ndio uliotuletea viambatisho kama tunavyovijua. Ndani ya utaratibu huo mna hila iitwayo Base64: kila baiti 3 za faili hugeuzwa kuwa herufi 4 za kawaida, na herufi hizo hupangwa katika mistari isiyozidi herufi 76. Faili la baiti 22,528, ambao ndio uliokuwa ukubwa wa Mydoom ya Januari 2004, hugeuka kuwa herufi 30,040, yaani mistari karibu 400 ya upuuzi mtupu kwa macho ya binadamu.

Si upuuzi wote, lakini. Programu za DOS na Windows huanza na herufi mbili, MZ, ambazo ni za jina la Mark Zbikowski, mhandisi wa Microsoft. MZ ikigeuzwa kwa Base64 huanza na TV, na mara nyingi sana na TVqQ. Sisi tuliokuwa tukitunza seva za barua tulizoea kuiona TVqQ kama mchungaji anavyozoea unyayo wa fisi. Ukiiona mwanzoni mwa kiambatisho, huhitaji kusoma zaidi; barua haikuleta hati, imeleta programu.

Je, kiambatisho kilikufaje njiani? Wengi hudhani kwamba simu ikikatika barua hufika nusu. Kati ya seva na seva sivyo ilivyo. Postel aliweka sharti zuri: barua huisha kwa mstari wenye nukta moja peke yake, na mpaka mstari huo ufike, mpokeaji hachukui dhamana yoyote. Mawasiliano yakikatika kabla ya nukta, ni kama barua haikuja, na mtumaji hujaribu tena baadaye. Vifo vilitokea kwa njia nyingine. Baadhi ya watunzi wa virusi walikuwa mafundi wabovu, na programu zao zilijikata zenyewe au zilituma kiambatisho chenye jina bila baiti hata moja ndani. Seva nyingine zilikuwa na mpaka wa ukubwa. Nyingine zilijaribu kukisafisha kirusi zikaacha kipande. Lakini machinjio makubwa kupita yote yalikuwa barua zinazorudishwa. Barua ikikosa mtu wa kuipokea, seva humrudishia mtumaji taarifa, na ili isijaze njia bure huambatisha sehemu tu ya barua ya awali: vichwa vyake, na mistari ya kwanza ya kilichomo. Kirusi kilichotumwa kwa anwani isiyokuwapo kilirudi kikiwa kimekatwa kiuno, tena mara nyingi kikiwa kimebandikwa kama maandishi ndani ya taarifa, kwa hiyo hapakuwa hata na kitu cha kubofya. Na kwa kuwa virusi vingi vya wakati ule vilikuwa vimefinywa, kama Mydoom, kipande bila mwisho wake hakikuweza hata kujikunjua. Kilikuwa maandishi tu. Ungeweza kukisoma kwa sauti mbele ya watoto.

Hapo ndipo mpekuzi anapoingia. Programu ya upekuzi wa barua haijui kama kitu ki hai. Inachojua ni alama. Watunzaji wake huchukua kirusi, huchagua mfuatano wa baiti ambao hauonekani katika programu nyingine, na kuuandika katika daftari; kila barua ipitayo hulinganishwa na daftari hilo. Kama alama iliyochaguliwa iko karibu na mwanzo wa faili, basi nusu ya kirusi huonekana sawa na kirusi kizima, na programu hupiga kelele. Kama alama ni ile ya jumla, yaani hesabu iliyofanywa juu ya faili zima kama MD5, kukosekana kwa baiti moja hubadili jibu lote, na mzoga hupita bila kuguswa. ClamAV, programu ya bure iliyoanzishwa na Tomasz Kojm wa Poland na kutolewa mara ya kwanza Mei 2002, ilitumia njia zote mbili. Baadaye ikawekwa pia hiari ya kutangaza kwamba programu fulani imevunjika, bila kudai kuwa ni kirusi. Niliipenda hiari ile kwa uaminifu wake. Inasema inachokijua na kunyamazia isichokijua.

Ubishi juu ya mizoga ulikuwa wa zamani miongoni mwa wataalamu. Fred Cohen, aliyeiingiza dhana ya kirusi katika taaluma ya kompyuta mwaka 1984, alikieleza kwa uwezo wake wa kujinakili ndani ya programu nyingine. Kwa maana hiyo kisichoweza kuzaa si kirusi, kama vile yai lililooza lisivyokuwa kuku. Lakini makusanyo ya sampuli yaliyotumika kupimia programu za kinga yalijaa mayai yaliyooza. Kampuni ikikataa kuyahesabu huonekana dhaifu katika mtihani, kwa hiyo nyingi ziliyaingiza madaftarini mwao ili zipate alama nzuri. Joe Wells alianzisha WildList mwaka 1993 kwa nia ya kuorodhesha virusi vinavyotembea kweli duniani, na jarida la Virus Bulletin likaanza mwaka 1998 kutoa tuzo yake ya VB100 kwa kuifuata orodha hiyo. Ulikuwa uamuzi wa busara, ingawa haukuwafikia watu wa seva za barua, ambao hawakusoma majarida hayo, wala haukuwafikia mabosi wao.

Kichekesho ni kwamba kirusi kisicho na madhara kilikuwapo pia kwa makusudi. Chama cha Ulaya kiitwacho EICAR kina faili la majaribio la herufi 68 tu, ambalo halidhuru kitu, halijinakili, na likiendeshwa huandika sentensi moja kwenye kioo na kuacha. Kampuni zote zimekubaliana kulipigia kelele, ili mtu aweze kuijaribu kengele yake bila kuwasha moto nyumbani. Nililituma mara nyingi kwangu mwenyewe kila nilipobadilisha kitu katika seva. Uzuri wake ni kwamba kila mtu anajua ni la uongo.

Sasa nafika kwenye kiini cha mambo. Katika siku za Melissa na ILOVEYOU, mtumaji aliyeandikwa juu ya barua alikuwa mtumaji wa kweli. Kirusi kilitumia programu ya barua ya mtu, kwa jina lake, kwenda kwa rafiki zake. Kwa hiyo seva iliyokikamata ilifanya wema ilipomwandikia: ndugu, kompyuta yako inaumwa. Mashirika yalinunua programu za upekuzi zenye desturi hiyo, na ilikuwa desturi njema. Kisha mwaka 2002 kikaenea Klez. Klez kilisomba anwani kutoka katika mafaili ya kompyuta kiliyoiingia, kikachukua moja na kuiandika mahali pa mtumaji, kikachukua nyingine kuwa mpokeaji. Aliyeambukizwa hakuonekana popote. Seva za upekuzi hazikubadilisha desturi. Zikaendelea kuandika kwa adabu ileile, lakini kwa mtu asiyehusika, na kwa kuwa taarifa zile zilikuwa pia njia ya kutangaza biashara, chini yake palikuwa na jina la programu na mahali pa kuinunua.

Tarehe 19 Agosti 2003 kikafika Sobig.F, na hapo mto ukafurika. MessageLabs, kampuni ya Uingereza iliyokuwa ikipekua barua za wateja wake, ilitangaza kwamba wakati wa kilele barua 1 katika kila 17 ilikuwa nacho. Kiambatisho chake kilizidi baiti 70,000. Mtumaji alikuwa wa kughushi daima. Tena ndani ya vichwa vya barua, mahali ambapo seva hugonga mihuri yake, kilijiandikia chenyewe mhuri wa MailScanner, programu ya upekuzi iliyotungwa na Julian Field wa Chuo Kikuu cha Southampton, ukisema kwamba barua imepekuliwa na imeonekana safi. Mwizi aliingia akiwa amevaa sare ya askari wa zamu.

Wakati huo nilikuwa nikitunza kompyuta za ofisi moja ya Dar es Salaam ambayo sitaitaja. Tulikuwa na anwani moja ya ofisi, modemu moja, na katibu muhtasi mmoja aliyeifungua anwani hiyo kila asubuhi, akachapa barua zote kwenye karatasi na kuziweka katika jalada la bosi, kwa sababu bosi hakusoma kwenye kioo. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 22 Agosti 2003, miongoni mwa barua alizochapa palikuwa na moja kutoka kwa seva ya shirika la Ulaya tuliloandikiana nalo. Ilisema, kwa Kiingereza kikavu cha mashine, kwamba mwenye anwani hii ametuma kirusi, na kwamba kimekamatwa. Chini yake palifuata karatasi mbili za herufi zisizosomeka. Yule mama hakuificha. Aliichapa kama barua nyingine yoyote, akaigonga mhuri wa kupokelewa, akaiweka mezani kwa bosi. Tarishi aliyebeba jalada aliniuliza baadaye, kwa sauti ya chini, kama karatasi zenyewe hazina neno.

Kabla ya adhuhuri akawa amepewa barua ya kutakiwa kujieleza kwa maandishi, ndani ya siku 3, kwa nini asichukuliwe hatua za nidhamu kwa kulichafua jina la ofisi kwa wafadhili. Na kwa kuwa habari za ofisini hazina mlango, kufikia saa nane mchana watu walikuwa wakisema kwamba fulani ameandikiwa kutoka Ulaya kuwa ana virusi. Sihitaji kueleza ilivyosikika. Mama huyu alikuwa mjane wa miaka michache. Hakulia mbele yetu, lakini hakwenda kula chakula cha mchana na wenzake siku ile, wala Jumatatu yake.

Niliingia kwa bosi nikamwamkia, nikaomba kuiona barua. Aliniambia, "Kijana, hili si suala la ufundi. Kompyuta ya Ulaya haina sababu ya kumsingizia mtu."

"Mzee," nikamjibu, "kompyuta ile imesoma jina lililoandikwa juu ya bahasha. Haikumwona aliyeiandika."

Tukaisoma pamoja. Kila seva inayopokea barua huongeza juu yake mstari unaoeleza imepokea kutoka wapi na saa ngapi, kama posta inavyogonga mihuri. Mihuri ya chini yaweza kughushiwa, lakini ule wa seva iliyotushitaki ilikuwa imeugonga yenyewe, na bahati nzuri ilikuwa imeuchapa ndani ya tuhuma yake. Ulisema kwamba barua iliingia tarehe 21 Agosti saa nane na dakika saba usiku kwa saa zao, ambayo kwetu ilikuwa saa tisa na dakika saba usiku, kutoka namba ya intaneti iliyomilikiwa na kampuni ya nchi nyingine kabisa. Saa tisa usiku ofisi yetu ilikuwa imefungwa kwa kufuli, mlinzi nje, na modemu imechomolewa ukutani, kwa amri ya bosi mwenyewe, kwa sababu ya gharama za simu. Hoja ya namba hakuijali sana. Hoja ya kufuli aliielewa mara moja.

Akaniuliza zile karatasi mbili za mwisho ni nini. Nikamwonyesha TVqQ mahali ilipoanza, kisha nikahesabu naye mistari: ilikuwa 112. Kirusi kizima kingekuwa na mistari zaidi ya 1,200. Nikamwambia huo ni mzoga, tena hata haujai, na kwamba hata tukiupiga chapa upya kwenye kompyuta neno kwa neno hauwezi kufanya kitu. Akazishika zile karatasi kwa muda. Kisha akauliza swali ambalo nadhani ndilo lililokuwa zito kuliko yote: kama si yeye, ni nani? Nikasema ni mtu tusiyemjua, ambaye kompyuta yake ilikuwa na anwani yetu na ya wale wa Ulaya pia. Labda aliwahi kuandikiana na sisi sote, labda aliwahi tu kusoma ukurasa wenye majina yetu. Na mtu huyo hakupata taarifa yoyote. Yeye peke yake, katika mlolongo wote ule, hakuandikiwa.

Bosi alikuwa mtu wa haki, ingawa hakuwa mwepesi. Aliandika dokezo kwamba suala limefungwa. Lakini karatasi ya tuhuma haikutolewa katika jalada la mama yule, kwa sababu kanuni ya masjala ni kwamba folio ikishapewa namba haiondolewi. Alikwenda kuomba mara mbili. Dokezo la kumsafisha likawekwa juu yake, na hivyo ndivyo jalada lilivyobaki. Katika majuma mawili yaliyofuata zikaja taarifa za namna ileile zaidi ya 40, kutoka seva za nchi ambazo ofisi haikuwahi kuziandikia. Sasa hakuzichapa tena. Aliniita nizione kwenye kioo, na kufikia ya kumi alianza kucheka.

Sobig.F kilikuwa kimepangiwa na mtunzi wake kuacha kujieneza tarehe 10 Septemba 2003, na kiliacha. Taarifa za kurudisha hazikuacha siku hiyo. Seva isiyompata mpokeaji huendelea kujaribu kwa siku 4 au 5 kabla ya kukata tamaa, kwa hiyo kirusi kilipokwisha kufa, mashitaka yake yaliendelea kufika. Kisha Januari 2004 kikaja Mydoom, na mtunzi wake alikuwa ameitazama dunia vizuri. Barua zake zilijifanya kuwa taarifa za kurudisha: ati barua yako haikufika, ati ilikuwa na herufi zisizoandikika, fungua kiambatisho uione. Watu walikuwa wamezoea kwa miezi mingi kupokea taarifa za namna hiyo zenye mizoga ndani, na baadhi yao walikuwa wamejifunza kwamba hazidhuru. MessageLabs walihesabu safari hii barua 1 katika kila 12. Netsky ya mwaka huohuo, iliyotungwa na Sven Jaschan, kijana wa Ujerumani ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametimiza miaka 18 alipokamatwa Mei 2004, ilikuwa na matoleo yaliyobandika chini ya barua maneno kwamba kiambatisho kimepekuliwa na hakina kirusi, pamoja na jina la kampuni ya upekuzi inayoheshimika. Kwa hiyo mtu wa kawaida alikuwa akipata barua iliyoitwa chafu ambayo haikuwa na kitu, na barua iliyoitwa safi ambayo ingemwangamiza. Sijui ni elimu gani aliyotazamiwa kuipata kutokana na hayo.

Wasimamizi wa seva waliamka polepole. Agosti 2004 Keith Moore alitoa waraka RFC 3834 juu ya majibu ya mashine kwa barua pepe, akihimiza uangalifu juu ya nani anayejibiwa na lini. Wengi wetu tulikuwa tumeshazima taarifa za kirusi kwa mtumaji. Njia iliyo bora, na naitetea mpaka leo, ni kuikataa barua mlangoni, wakati seva inayoileta ingali imesimama pale, kabla ya kuitikia ile nukta ya Postel. Aliyeileta aondoke nayo mwenyewe, wala usimwandikie mtu yeyote. Wengine walichagua kuitupa kimya. Waraka RFC 5321 wa mwaka 2008 unakubali kutupa kimya pale tu ambapo kuna uhakika mkubwa kwamba barua ni ya udanganyifu, na sababu inaeleweka: barua ya kweli ikitupwa kimya, mtumaji anaamini imefika na mpokeaji haamini kwamba ilitumwa, na watu wawili wanagombana bure. Kuhusu kughushi jina la mtumaji, ambayo ndiyo iliyokuwa shina la matatizo, dawa zilikuja kwa jina la SPF mwaka 2006, DKIM mwaka 2007 na DMARC mwaka 2015. Zimesaidia. Sitazieleza hapa, zinahitaji insha yao.

Mizoga yenyewe haijaondoka. Imelala katika masanduku ya zamani, kwenye santuri na diski zilizowekwa makabatini. Mwaka 2019 ofisi ileile iliniita, nikiwa nimeshaondoka huko siku nyingi, kwa sababu ilikuwa na mgogoro wa mkataba na mtoa huduma mmoja, na wanasheria wake walihitaji barua moja ya Septemba 2003. Seva yetu ya zamani iliweka sanduku zima katika faili moja, barua juu ya barua. Nilipolinakili katika kompyuta mpya, programu ya kinga ikasimama: imekutwa Sobig.F, je, faili lifutwe? Kitufe cha kukubali kilikuwa kikubwa kuliko cha kukataa. Kukubali kungefuta barua zote za mwaka ule kwa ajili ya vipande ambavyo havikuweza kufanya kitu hata siku vilipofika.

Nikaikatalia, nikaliweka faili kando ambapo programu haigusi, nikalifungua kama maandishi matupu na kutafuta TVqQ. Ilinichukua jioni mbili kukata mistari ile kwa mkono, mzoga baada ya mzoga. Programu ilipopita mara ya pili haikusema kitu. Barua ya mkataba ilikuwamo, katikati ya taarifa mbili za tuhuma.